Karatasi Inasema Bega

Jumanne ya wiki ya uteuzi, Klabu ya Waslovaki ilijaa watu kama siku ya Pasaka. Hakukuwa na mechi. Msimu ulikwisha tangu Januari, na timu yao ya mpira wa Kimarekani, Manahodha, ilikuwa imeshinda mara nne na kupigwa mara kumi na tatu. Lakini Alhamisi ligi ingeanza kugawana vijana waliomaliza vyuo, kila timu ikichagua kwa zamu yake, raundi saba kwa siku tatu, na mji mzima wa Harlan Point ulikuwa umegeuka makocha. Muuza nyama alikuwa kocha. Padri alikuwa kocha.

Len Hruska alikaa pale anapokaa siku zote, mwisho wa kaunta, karibu na dirisha linalotazama ziwa. Ziwa lilikuwa la kijivu, halina hata meli moja. Alikuwa mtu wa miaka sitini na tisa, aliyefiwa na mke miaka miwili iliyopita. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza majeraha wa timu ya shule ya mji. Ndiye aliyefunga vifundo vya miguu, ndiye aliyerudisha vidole vilivyoteguka, na ndiye aliyeamua nani arudi uwanjani na nani akae benchi. Hakuwa daktari, ila kila mtu alimwita Daktari, naye alikwisha kuzoea.

"Tuchague mrushaji," alisema Stas Gorecki, aliyestaafu kazi ya winchi bandarini lakini sauti yake haikustaafu. "Hakuna cha kujadili. Timu isiyo na mrushaji ni basi lisilo na usukani."

"Mabasi niachie mimi," Roz Vukovich alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake. Roz aliendesha basi la shule asubuhi na alasiri, na katikati ya hapo aliandika takwimu za wachezaji wa vyuo vyote, kwa kalamu za rangi tatu. "Basi bovu huanzi na usukani, Stas, unaanza na breki. Tumefungwa pointi thelathini kila Jumapili. Huyo mrushaji wako atafanya nini? Atakaa benchi anywe maji huku anatazama wenzake wakipasuliwa?"

"Kijana ana mkono yule!"

"Ana mkono, hana miguu. Na nywele zake zile kama tangazo la shampuu. Akiguswa tu anaanguka kama shati kwenye kamba."

Watu wakaangua kicheko. Stas akapiga kaunta kwa kiganja, akaapa kwamba wanawake hawakupaswa kuruhusiwa kuandika takwimu, na Roz akamwambia arudi shule ajifunze kusoma kwanza ndipo wazungumze.

Odell Pruitt alingoja mpaka wamalize. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye tanuru la chuma kabla halijazimwa. Alisafisha koo.

"Mmemaliza? Haya. Marquell."

Klabu nzima ikapiga makofi. Marquell Pruitt alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Odell. Baba yake alipofariki, mtoto alikuwa na miaka sita, na tangu siku hiyo Odell ndiye aliyempeleka mazoezini, ndiye aliyesimama mvua na theluji kando ya uwanja. Sasa kijana alikuwa mlinzi wa kati wa chuo kikubwa, na kwenye magazeti walisema angeweza kuchaguliwa mapema, raundi ya pili, pengine ya kwanza.

"Upendeleo!" Stas alipiga kelele.

"Upendeleo, sikatai. Lakini simtaji kwa kuwa ni damu yangu. Namtaja kwa kuwa mmeona kwa macho yenu." Odell akatoa simu, akaiegemeza kwenye chupa. "Tazameni hii ya Novemba. Tazameni."

Wakasongamana. Kwenye kioo kidogo mkimbiaji mmoja alitokea kulia na mpira kwapani, na Marquell akamjia kama mlango uliong'olewa na upepo. Helmeti kwa helmeti. Mkimbiaji akaenda chini kama mzigo. Klabu ikalipuka.

"Rudisha!"

"Mama yangu! Umeuona ule mgongano?"

Odell akarudisha mara tatu. Kila mtu alimtazama yule aliyeanguka. Len peke yake alimtazama aliyebaki amesimama. Marquell alisimama wima, akatikisa kichwa mara moja, kisha akaanza kutembea kuelekea benchi la timu nyingine. Alikwenda hatua nne. Mwenzake mmoja akamkimbilia, akamshika kiwiko, akamgeuza taratibu kama mtu anavyomgeuza kipofu. Video ikakatika hapo.

"Daktari, umeona?" Odell alimuuliza, macho yanang'aa.

"Nimeona," Len alisema.

"Basi tuambie. Wewe ndiye uliyemfunga bandeji miaka minne. Anafaa, hafai?"

Watu wote wakamgeukia. Len akazungusha glasi yake.

"Ni mtoto mzuri," alisema. "Sijapata kuona mtoto mzuri kama yule."

Wakalichukua hilo kuwa jibu. Roz akaliandika daftarini kwa kalamu nyekundu.

Len alikwenda nyumbani kabla chakula hakijaletwa.

Jambo lilikuwa hivi. Marquell aligongwa kichwa mara tatu akiwa shuleni, mara tatu ambazo Len alizijua. Mara ya kwanza alikaa nje wiki mbili, kama inavyotakiwa. Mara ya pili alikaa nje siku nne. Mara ya tatu ilikuwa mechi ya kutafuta ubingwa, Novemba, baridi kali, na juu kwenye viti walikuwa wamekaa maskauti watatu wa vyuo, watafuta vipaji. Kijana aliletwa kando ya uwanja, Len akapiga magoti mbele yake na kumuuliza huu ni mwezi gani. Marquell alimtazama kwa adabu sana, akasema, "Septemba, bwana."

Kocha akainama sikioni mwa Len. "Andika bega," alisema. "Ukiandika kichwa wale jamaa watashuka ngazi na kwenda zao, na mtoto huyu ataishia kuosha magari. Andika bega, Len. Mwekee barafu."

Len akaandika bega. Akaweka barafu kwenye bega lisilokuwa na kitu. Baada ya dakika kumi na tano Marquell alirudi uwanjani, wakashinda, na mji mzima ukalia kwa furaha. Kocha alikwisha kufariki. Karatasi ilikuwapo bado, kwenye kabati la shule, kwa mwandiko wa Len na saini ya Len.

Jumatano saa nne asubuhi simu ililia.

"Bwana Hruska? Naitwa Gail Anstruther. Nafanya kazi na Manahodha, upande wa kuchunguza habari za wachezaji." Sauti yake ilikuwa ya upole na haikuwa na haraka. "Nina karatasi za Marquell Pruitt mbele yangu. Ametia saini kuturuhusu tuzungumze nawe. Hapa nasoma bega la kushoto, mechi ya mwisho. Nimeitazama ile mechi, bwana. Nimeitazama mara nyingi. Sioni mahali alipoumia bega."

Len alisikia kijisaa cha jikoni kikigonga.

"Ni zamani," alisema.

"Ni miaka mitano."

"Nitatafuta kumbukumbu zangu. Nitakupigia."

"Tafadhali. Sisi tunampenda huyu kijana," alisema yule mama, na kwa namna alivyosema neno tunampenda, Len alijihisi kama ameshikwa ukosi.

Alasiri ya siku hiyo gari lilisimama nje. Marquell alishuka amebeba pai ya tufaha iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa mkubwa kuliko mlango. Alivaa miwani myeusi, na hata alipoingia ndani hakuivua.

"Daktari!" alisema, akamkumbatia Len mpaka mbavu zikalalamika. "Mama amekutumia hii. Kasema usile yote siku moja, una sukari."

"Mwambie mama yako sina sukari, nina njaa. Kaa, mwanangu."

Marquell aliomba pazia lishushwe kidogo, akakaa kwenye kochi, wakazungumza. Alikuwa yule yule, mcheshi, mwenye heshima. Alimwiga kocha wake wa chuo anavyotafuna jojo, Len akacheka mpaka akajifuta machozi. Kwa dakika chache hizo Len alijiambia kwamba labda amekuwa mzee mwoga. Labda ilikuwa hatua nne tu, na mtu yeyote huweza kupotea hatua nne.

Kisha Marquell akatazama upande wa jikoni, akatabasamu.

"Na mama Marlene je? Bado yuko kazini?"

Marlene, mke wa Len, alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa, na wanaume sita walilibeba jeneza lake kutoka kanisani. Marquell alikuwa mmoja wao. Alikuja kwa basi usiku kucha kutoka chuoni. Alishika mpini wa mbele, upande wa kushoto, na kaburini alilia kuliko ndugu wa damu.

Kijana aliona uso wa Len umebadilika. Tabasamu likamtoka polepole.

"Nimekosea nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hujakosea, mwanangu."

"Nimesema nini?"

Len akamwambia. Mikono mikubwa ya Marquell ililala magotini. Kisha akaanza kuitikia kwa kichwa haraka haraka. "Ndiyo. Ndiyo, najua. Nilikuwepo. Ni uchovu tu, Daktari, wiki hizi silali vizuri. Kila mtu anapiga simu." Akavuta pumzi. "Yule mama wa timu. Amekupigia?"

"Amepiga."

"Utamwambia bega."

"Marquell, nani mwingine anajua kwamba unasahau?"

"Sisahau." Kwa mara ya kwanza sauti yake iligeuka kuwa ngumu. "Nimepigwa picha za kichwa, zote safi."

"Picha hizo hazionyeshi kila kitu."

"Kama hazionyeshi, basi hakuna kitu." Akasimama. Akamwekea Len mkono begani, na mkono ule ulikuwa unatetemeka kidogo, mtetemeko mwembamba ambao mtu asiyezoea kushika mikono ya wachezaji asingeuhisi. "Misimu mitatu tu. Mama aache kufua mashuka ya hoteli. Kisha naacha, naapa. Mimi na wewe tuliandika bega, Daktari. Tuliandika sote wawili."

Alitoka. Len alisimama dirishani akamwona ameketi ndani ya gari bila kuliwasha, dakika moja, dakika tano, kama mtu anayejaribu kukumbuka anakwenda wapi. Kisha akaondoka, akakata kona upande usio wa nyumbani kwao.

Alhamisi raundi ya kwanza ilipita, jina la Marquell halikutajwa. Ijumaa zikapita raundi ya pili na ya tatu, na Klabu ya Waslovaki, iliyokuwa imeandaa soseji na kabichi za watu mia mbili, ikaanza kununa.

"Kuna kitu," Stas alisema. "Mtu hashuki hivyo bure. Kuna mtu anamchafua."

"Nani amchafue mtoto kama yule?" Roz aliuliza. Alikuwa amekata majina ya walinzi wa kati kumi na wawili. "Huyu wa saba hapa hata kukaba hajui. Nimemtazama mechi nane. Anakaba kama anayeomba radhi."

Odell alikuwa amevaa jezi ya chuo ya mpwa wake, na kila jina lilipotajwa kwenye televisheni alishusha mabega kidogo zaidi. Len alimtazama akajisikia kama amekaa karibu na mtu anayevuja damu naye ana kitambaa mfukoni. Simu ya Gail Anstruther ilikuwa imelia mara mbili siku hiyo. Hakupokea.

Jumamosi saa sita mchana ilianza raundi ya nne. Nje kulikuwa na jua kali lisilo na joto. Ndani hapakuwa na mahali pa kusimama. Manahodha walikuwa na zamu ya kumi na moja, na ubishi ulikuwa umekwisha. Hata Stas alikuwa amemsahau mrushaji wake.

"Raundi ya nne!" alinguruma. "Mtu wa raundi ya kwanza, unampata raundi ya nne, tena ni mtoto wa hapa hapa! Wakimwacha, naichoma jezi yangu. Naichoma hapo nje, na padri awe shahidi."

Zamu ya nane ilipotangazwa, simu ya Len ilitetemeka mfukoni. Alipita katikati ya watu, akaingia jikoni, akatokea mlango wa nyuma, akasimama kati ya mapipa ya takataka.

"Bwana Hruska, samahani, sina tena muda wa kungoja," alisema Gail Anstruther. Nyuma yake kulisikika watu wakizungumza kwa haraka. "Jina lake liko juu kabisa ya orodha yetu. Nina dakika kama sita. Nijibu kitu kimoja. Lilikuwa bega?"

Kutoka ndani kulisikika watu wakiimba jina la Marquell, wakigonga meza kwa pamoja. Len alifikiri juu ya mashuka ya hoteli. Alifikiri juu ya Odell na jezi yake. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na saa ile ile angerudi ndani akainuliwa juu kwa juu.

"Hapana," alisema. "Kilikuwa kichwa. Na si mara moja, ni mara tatu ninazozijua mimi. Bega niliandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Na Jumatano alikuja kwangu akamuulizia mke wangu, naye mwenyewe alisaidia kumzika."

Nyuma ya yule mama mtu aliuliza kitu, naye akamwambia angoje.

"Asante," yule mama alisema mwishowe. "Najua halikuwa jambo dogo."

"Mtawaambia na wenzenu? Timu nyingine?"

"Hatufanyi hivyo, bwana," alisema, na simu ikakatika.

Len alirudi ndani. Zamu ya kumi na moja ilifika. Mtu mmoja mwenye suti alipanda jukwaani, akafungua karatasi, na kutangaza kwamba Manahodha wamemchagua mpiga mateke kutoka chuo kidogo cha milimani.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu paa likataka kuruka.

"Mpiga mateke? Mpiga mateke!"

"Tumefungwa pointi thelathini kila wiki, atapiga teke nini?"

Roz akafunga daftari lake. Stas akavua jezi yake, akabaki na fulana, akaenda kweli kutafuta kiberiti. Odell alikaa tu, ameweka kiganja kwenye paji la uso. Na Len, Mungu amsamehe, alihisi ahueni. Alihisi pumzi inaingia mpaka chini kabisa ya mapafu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alijiambia yamekwisha, kijana atashuka raundi zote, atarudi nyumbani, na kuna madaktari.

Zamu mbili baadaye, Korongo, timu ya kusini, mwendo wa saa kumi na moja kwa gari, walimchagua Marquell Pruitt.

Furaha iliyolipuka haikuwa na mfano. Watu waliokuwa wakitukana walikumbatiana. Odell aliinuka, akakaa, akainuka tena, analia waziwazi. Televisheni ikaonyesha sebule ya akina Pruitt. Vernita, mama yake Marquell, alikuwa anarukaruka na kupiga vigelegele. Katikati ya wote alikaa Marquell mwenyewe, simu ikilia mkononi mwake. Aliitazama. Iliendelea kulia. Aliitazama kama kitu alichokiokota njiani, mpaka mama yake akaishika, akaibonyeza na kumwekea sikioni. Klabu nzima ikacheka.

"Kapigwa na butwaa, maskini!" Stas alisema.

Len hakucheka. Alimwona Odell kupitia vichwa vya watu. Odell naye alikuwa ameacha kulia, anaitazama ile televisheni.

Len alimwambia Odell dakika ile ile, nje, kwenye maegesho ya magari. Hakuona njia nyingine. Alimwambia yote, karatasi, barafu, Marlene, simu ya nyuma ya jikoni. Odell alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyewafanya Manahodha wamwache."

"Mimi."

"Na bega uliandika wewe."

"Mimi, Odell."

"Miaka mitano umekaa pembeni yangu pale kaunta. Nikikununulia bia." Odell alizungumza bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Len. "Ungeniambia siku ile ile, ningemtoa uwanjani kwa mikono yangu hii, kocha apende asipende. Siku ile nilikuwa na nguvu hiyo. Leo ni mtu mzima, ana saini yake, ana wakala. Leo unaniambia ili iweje?"

"Uzungumze naye. Wewe atakusikia."

"Usije kwangu, Len," Odell alisema, akaingia kwenye gari lake.

Habari hazikuchukua wiki kuzunguka. Hakuna aliyempiga wala kumtukana hadharani. Alipoingia klabuni, watu waliendelea kuzungumza, ila kiti chake cha dirishani kilikuwa na mtu, na kesho yake kilikuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyemwita Daktari tena. Roz peke yake alimsalimu, kwa kichwa, kutoka dirisha la basi. Len aliwaandikia Korongo barua ya kurasa tatu, akaeleza kila kitu. Jibu lilikuja Juni, mistari miwili. Madaktari wao walikuwa wamemchunguza mchezaji na wameridhika. Barua aliyomwandikia Vernita ilirudi haijafunguliwa. Aliipeleka ile karatasi ya shule mwenyewe ofisini kwa mkuu, akakiri, na mkuu wa shule, mtu mpya asiyemfahamu, alimshukuru na kuiweka kwenye droo.

Septemba ligi ilianza. Marquell alicheza. Alicheza vizuri mno. Mji ulinunua jezi za Korongo, na hata Stas alitundika moja kwenye kibaraza chake. Len alitazama mechi peke yake, sauti ameizima, akihesabu migongano kwenye bahasha. Jumapili ya kwanza ilikuwa kumi na tisa. Ya pili, ishirini na mbili. Baada ya kila mgongano alingoja kuona kijana ataelekea upande gani.

Jumapili ya nne, saa nane mchana, Marquell aligongana na mtu wa ukuta, mmoja wa wale wanaomkinga mrushaji, mwenye kilo mia na hamsini. Haukuwa mgongano wa kutisha. Watangazaji hawakuurudia hata mara moja. Lakini Marquell hakusimama. Alibaki amepiga magoti, akaanza kupapasa nyasi kwa viganja, taratibu, kwa uangalifu, kama mtu aliyeangusha kifungo cha shati. Len akaongeza sauti. Mtangazaji alikuwa akisema kwamba kijana anatafuta kinga yake ya meno. Kamera ikasogea karibu. Kinga ya meno ilikuwa inaning'inia kwenye chuma cha helmeti yake, mbele ya macho yake kabisa.

Alitoka nje dakika chache, kisha akarudi. Mtangazaji akasema huyo ndiye mwanamume.

Len alichukua koti lake. Hakuzima televisheni. Aliendesha mitaa sita mpaka kwa Odell, akapanda ngazi za kibaraza bila kujua atasema nini, na kabla hajabisha mlango ukafunguliwa. Odell alikuwa amevaa viatu vya safari. Mkoba mdogo ulikuwa sakafuni karibu na mlango. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu uteuzi wa Aprili.

"Alikuwa anatafuta nini?" Odell aliuliza.

"Sijui."

"Ulizoea kujua."

"Sijui, Odell. Na yeye hajui."

Odell akaitikia.

"Nimezungumza na Vernita. Anasema juzi Marquell alimpigia mara nne kumwambia habari moja, na kila mara alikuwa anacheka upya. Vernita alikuwa anamficha. Kumbe tumekuwa watu wawili tunaficha, mimi na yeye, na wewe wa tatu." Akainua mkoba. "Nakwenda kumleta. Pengine atakataa. Pengine watanizuia getini. Kijana ana mkataba wake, mimi ni nani?"

"Barua yangu waliipuuza," Len alisema. "Lakini sijasimama mbele yao. Nikisimama mbele yao nikasema nilidanganya, na mama yake akasema anayoyaona nyumbani, itakuwa kazi kutupuuza sote. Na yeye mwenyewe awepo, asikie."

"Atakuchukia."

"Ndiyo."

Mtaani, kutoka nyumba ya jirani, walisikia watu wakishangilia. Korongo walikuwa wamefunga tena, au Marquell alikuwa amemgonga mtu.

"Vernita yuko tayari, tunampitia," Odell alisema. "Macho yangu mabaya jua likizama. Kuanzia saa kumi na mbili utaendesha wewe."

Akamrushia funguo za akiba za gari, akafunga mlango, wakashuka ngazi.